Maziwa ya Kituo Namba Moja

Mimi ni mtu wa viti. Harusi, matanga, ubatizo, kampeni za umeya, wote huja kwangu: viti mia nne vya plastiki, mahema mawili, spika na maiki tatu. Kwa hiyo nimesikia hotuba nyingi kumshinda padri, na karibu zote zimenichosha. Nikikwambia kwamba siku ile katika ukumbi wa wafugaji sikuchoka, naomba uniamini, maana si kawaida yangu kusifia mikutano.

Ninayetaka kumsimulia ni Doña Eufrosina Cobos, jirani yangu. Shamba lake ndilo la mwisho kabla ya uzio wa mtambo wa nyuklia. Ukisimama zizini kwake unayaona yale majengo mawili meupe karibu kabisa, na mlinzi akikohoa getini ng'ombe hugeuza shingo. Mtambo ulipojengwa wengi waliuza wakahama. Yeye na mumewe hawakuuza. Ni mwanamke mfupi, viganja vipana, mdomo mkali. Jibini lake watu hulifuata kutoka mbali, na asipokupenda hakuuzii hata ukipiga magoti.

Kwa kuwa alikuwa karibu kuliko wote, mtambo ulimpa cheo bila kumwuliza. Kwenye makaratasi yao aliitwa Kituo Namba Moja: Maziwa. Ng'ombe hula nyasi, na kama kuna kitu kimevuja kikaangukia nyasi, kitaonekana kwenye maziwa mapema kuliko mahali pengine. Basi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwa miaka ishirini na tisa, alikuja Mkemia Fermín Lagunes na gari jeupe na chupa mbili za lita moja moja. Alizijaza, akaandika, akanywa kahawa, akaenda zake. Alipozaliwa Amaranta, binti pekee wa Eufrosina, nani mwingine angembatiza? Mtu anayekunywa kahawa yako kila mwezi huwezi kumruka. Fermín akawa baba wa ubatizo, na kuanzia siku hiyo yeye na Eufrosina wakaitana compadre na comadre. Kwetu neno hilo halichezewi. Ndugu yako wa damu unaweza kumtukana asubuhi na mchana mkala sahani moja. Compadre humpandishii sauti, humnyimi, wala humwaibishi.

Mwaka juzi leseni ya mtambo ikakaribia kuisha, nao wakaomba miaka ishirini mingine. Hapo mji wetu wa Boca del Zapote ukapasuka katikati. Wenye kazi mtamboni upande huu, wenye hofu upande ule, na sisi wengine tukiangalia mdomo kabla ya kufungua. Kwenye foleni ya tortilla, mikate yetu ya mahindi, watu walichokozana.

"Wee, bado unang'aa gizani?" mmoja wa wenye hofu alimwuliza fundi wa mtambo.

"Afadhali mimi ning'ae. Wewe hata ukipakwa rangi huonekani."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Ndugu wawili ninaowajua waliacha kubatiziana watoto kwa ajili ya leseni hiyo. Tume ikatangaza kwamba itakuja kutoka mji mkuu kusikiliza maoni ya wananchi, yeyote anayetaka kusema ajiandikishe, dakika tano kila mtu. Ukumbi wa wafugaji, viti vyangu.

Wiki moja kabla ya kikao nilikuwa kwa Eufrosina, nanyoosha lango la zizi tunalochangia, akaja Mwalimu Obdulia. Huyu alistaafu zamani, ametufundisha sote kusoma, na ndiye aliyewaongoza waliopinga.

"Eufro, wewe ndiye uliye karibu," alisema kabla hata hajaketi. "Ukisimama wewe, wale watanyamaza."

"Nisimame niseme nini? Kwamba ng'ombe wangu wana pembe tatu?"

"Useme unaogopa."

"Siogopi, mwalimu. Maishani niliogopa kitu kimoja tu, rula yako."

Obdulia hakucheka. Alimwambia afikirie, akaondoka na jibini alilopewa, maana pale hakuna anayetoka mikono mitupu. Vumbi la miguu yake lilikuwa bado halijatulia, likafika gari jeupe. Haikuwa Jumanne. Fermín alishuka na karatasi ndefu iliyokunjwa kama mkeka. Alikuwa astaafu Desemba, na kwa muda wa miezi kadhaa sikuwa nimemwona na furaha vile.

"Comadre, nimekuletea picha yako," alisema, akaitandaza juu ya meza ya jikoni, vikombe pembe nne kuizuia, nami nikawafuata ndani nyundo mkononi.

Ilikuwa mstari mmoja tu. Unaanzia kushoto, unakwenda kulia, umelala sawasawa miaka yote ishirini na tisa. Juu yake, mbali sana, mstari mwekundu wa hatari. Chini imeandikwa Kituo Namba Moja.

"Hii ndiyo nitakayoonyesha kwenye kikao," alisema. "Wao watakuja na kelele. Mimi nitakuja na maziwa yako."

Eufrosina alifuta mikono, akainama kutazama. Niliona anafurahi, ingawa alijifanya anatafuta kosa. "Na hivi vialama vya kijani?"

"Hapo ndipo mtambo hufunguliwa, wanabadilisha fueli. Machi mpaka Mei, karibu kila mwaka, maana mitambo ni miwili na hupokezana. Hiyo ndiyo miezi yenyewe, comadre. Kama kuna kitu kingetoka, kingetoka wakati mtambo uko wazi. Obdulia atauliza hapo tu. Na tazama, mstari umelala. Leseni ya miaka ishirini ijayo itasimama juu ya miezi hiyo."

"Machi mpaka Mei," alisema Eufrosina.

"Machi mpaka Mei."

"Ngoja niipashe kahawa, imepoa."

Kahawa ilikuwa inafuka moshi. Fermín hakuona, alikuwa anakunja mstari wake. Mimi niliona, nikaacha nyundo.

Alipoondoka Eufrosina alikaa kwenye kigoda cha kukamulia, mikono kati ya magoti, akaniambia. Hakuniambia kwa sababu ananipenda sana. Aliniambia kwa sababu nilikuwepo.

Mumewe alipokufa alibakiwa na ng'ombe mmoja tu, Golondrina. Amaranta alikuwa na miaka miwili. Ukame ukaja, Machi, nyasi zikawa manyoya ya kuku, na Golondrina akatoa kikombe kimoja kwa siku. Jumanne ya kwanza ikafika, Fermín akashuka na chupa zake mbili.

"Ningemwambia nini, Wences? Compadre amekuja kwangu na chupa, mume wangu hajamaliza mwaka kaburini, nimwambie sina?"

Mwezi ule wa kwanza alimdanganya kwamba ng'ombe amemwaga ndoo, akamwomba arudi Alhamisi. Akapeleka ujumbe kwa kaka yake Celerino, kule juu milimani kwenye ukungu, mwendo wa nusu siku kwa basi, ambako hakuna mtambo wala harufu ya mtambo. Celerino akatuma dumu. Eufrosina akayamimina kwenye jagi lake, akalifunika kwa kitambaa, na Alhamisi compadre alipofika alikuta maziwa yako tayari mezani. Alijaza chupa, akashukuru, akanywa kahawa. Mwezi uliofuata vivyo hivyo, na uliofuata. Kisha mvua zetu za Juni zikanyesha, Golondrina akarudia hali yake, na Eufrosina akasahau mpaka ukame mwingine. Ilikwenda hivyo miaka saba, hadi zizi lilipojaa tena.

"Na kile kikombe cha Golondrina?" niliuliza, mpumbavu mimi, kama vile sijui jibu.

"Nilimpa Amaranta. Ya moto, kutoka mkononi. Nilijiambia, ya basi wape wageni, ya nyumbani mpe mwanao. Miaka saba, Wences. Machi mpaka Mei. Hakuna aliyeyapima yale."

Nilimwambia anyamaze. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyomwambia. Nikamkumbusha kwamba Amaranta anafanya kazi jikoni mtamboni, kwamba binti ni mzima kama kengele, kwamba Fermín ana miezi michache tu astaafu kwa heshima, kwamba Obdulia akilipata hili atamtembeza yeye Eufrosina mji mzima kama sanamu ya mtakatifu.

"Kama ningekuwa nimeuza jibini bovu ungeniambia ninyamaze?"

"Kama limeshaliwa, ndiyo."

"Wewe," alisema, "baki na viti vyako."

"Basi mwambie compadre mwenyewe, kimya kimya, aitoe ile miaka kwenye karatasi yake."

Alitikisa kichwa. Hilo alishalifikiria. "Nikimwambia kabla, litakuwa lake. Akilisema ameangamia, akilificha ameangamia. Nikilisema mbele ya watu wote naye hajui kitu, ni uongo wangu peke yangu. Yeye ataonekana amedanganywa tu. Kudanganywa si dhambi."

Kesho yake alikwenda manispaa kujiandikisha. Akawa wa thelathini na moja kwenye orodha. Obdulia aliposikia alidhani ni wake. Fermín aliposikia alidhani ni wake. Wote wawili walimtumia salamu za shukrani, naye akazipokea zote. Amaranta ndiye aliyenitia uchungu. Alinisimamisha dukani akaniambia, "Mama kajiandikisha kusema, unaamini? Atawaambia maziwa yetu hayana neno. Wenzangu jikoni wamenikumbatia." Nilimjibu kwamba nina haraka.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa saa tatu asubuhi. Kushoto mashati ya kaki ya mtambo, kulia fulana nyeupe za Obdulia, na katikati nilikuwa nimeacha njia pana kuliko kawaida, maana hao watu niliwajua. Mezani watu watatu wa tume, mwenyekiti wao mwanamke mwembamba mwenye miwani, sauti ya upole inayokata. Mimi nilisimama kando na maiki ya kupitisha. Aliniagiza kwamba dakika tano zikiisha, au mtu akitukana, akiinua kalamu nizime.

Aliinua kalamu mara nyingi. Mmoja aliita wenzake wauaji, mwingine aliita wenzake mbuzi. Mwanamke mmoja alisoma majina ya jamaa zake waliokufa kwa saratani, na mfanyakazi wa mtambo akamjibu kwamba hata wajomba zake yeye kule milimani wamekufa kwa saratani na mtambo hawajauona hata kwa picha. Watu walisimama juu ya viti vyangu. Ilipofika zamu ya Fermín kueleza, aliinua mstari wake ukutani, na ukumbi ukatulia kidogo. Alizungumza vizuri. Alieleza miezi ya kijani. "Huyu ndiye jirani wa karibu kuliko wote," alisema, "nami kila mwezi nimechukua maziwa mezani kwake kwa mkono wangu." Upande wa kaki ukapiga makofi. Amaranta, safu ya tatu na wenzake wa jikoni, alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

"Namba thelathini na moja," alisoma mwenyekiti.

Eufrosina alikuja na gauni lake la misa. Nilimpa maiki. Pande zote mbili zilimpigia makofi, na hilo nilikuwa sijawahi kuliona, wala sitaki kuliona tena.

"Mimi ndiye huo mstari," alisema. "Una miaka saba ya uongo ndani yake. Uongo ni wangu."

Alieleza kama alivyonieleza mimi, kwa mpangilio uleule, Golondrina, ukame, chupa, dumu la Celerino. Hakuomba msamaha wala hakulia. Alipotaja basi la milimani mtu mmoja wa kaki alipaza sauti, "Kanunuliwa huyu, mwalimu kampa ngapi?" Na upande wa pili mwingine akajibu, "Mwacheni aseme, leo mtambo umenyolewa." Obdulia mwenyewe, lazima niseme haki, aliwageukia watu wake akawaambia wafunge midomo.

"Compadre wangu hakujua," Eufrosina aliendelea, sasa sauti imepanda kidogo. "Alikuta jagi mezani akaniamini. Msimguse. Nimekuja kusema hilo. Na la pili nililokuja kusema ni kwamba ile miezi maziwa ya zizi langu alikunywa binti yangu, kwa hiyo msiseme mmeyapima."

Sikuthubutu kumtazama Amaranta.

Mwenyekiti alivua miwani. Mwanasheria aliyekaa kando yake alikuwa ameshafungua jalada, akasoma kwa sauti isiyo na rangi yoyote: kwamba kila fomu ya Kituo Namba Moja ina mstari usemao mchukua sampuli ameshuhudia kwa macho ng'ombe akikamuliwa, na kila fomu imetiwa sahihi. "Sahihi ya Mkemia Lagunes," alisema. "Miezi yote."

Hilo Eufrosina hakulijua. Alikuwa amejenga ukuta kumzunguka compadre wake wiki nzima, na huyu bwana kaubomoa kwa sentensi moja. "Ni mazoea tu," alisema haraka, "alikuwa akifika nimeshakamua, mimi ndiye niliyewahi, alisaini kwa kuniheshimu. Hakujua, nawaambia. Hakujua."

Mwenyekiti aliinua kalamu. Niliiona vizuri. Nikageuza uso nikajifanya natengeneza waya.

Fermín alisimama. Hakuja kwenye maiki, nami ikabidi nimfuate alipo.

"Nilijua," alisema.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Alirudia.

"Tangu chupa ya pili. Maziwa ya milimani yana mafuta mengi, rangi yake ni nyingine, na kwenye mashine chumvi zake ni nyingine. Mwanafunzi angejua." Alikuwa akimsemesha Eufrosina, si tume. "Nilikaa na ile chupa maabara asubuhi nzima. Nikasema, comadre hana maziwa, na anaona aibu kuniambia. Nikimwuliza nitamwaibisha ndani ya nyumba yake, mume hayupo. Nikaandika namba. Mwezi uliofuata nikaandika tena. Baadaye kila nilipotaka kusema, ilikuwa nimeshaandika mno."

Eufrosina alimtazama kwa namna ambayo siwezi kuieleza vyema. Haikuwa hasira tu. "Miaka yote hii," alisema, "ulikuwa unaketi mezani kwangu unajua."

"Na wewe ulikuwa unanimiminia kahawa, comadre."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajikuta peke yake, akaacha. Kaki hawakupiga makofi, wala fulana nyeupe. Niliwatazama wenye hofu nikaona hawana raha ya ushindi, wameinama tu kama watu waliokutwa chumbani kwa wengine. Nilikuwa nimewaona watu hao wawili wakipokezana sahani ya jibini kwa adabu ile yote, na nikawa nawaonea wivu.

Kisha Amaranta akasimama. Alikuwa bado na aproni ya jiko la mtambo chini ya koti, kofia ya nywele mfukoni. Alinyoosha mkono kuelekea kwangu, nikampelekea maiki. Wenzake wa jikoni walisogeza magoti kumpa nafasi.

"Baba," alisema. Alimwita Fermín hivyo tangu utotoni, kwa kuwa ndiye baba aliyemfahamu. "Mimi sielewi hizo chumvi. Nijibu moja tu. Yale niliyokunywa mimi, yalikuwa safi?"

Nilitembea na maiki kutoka safu ya tatu hadi alipo Fermín, hatua kama kumi na mbili, na nadhani ndiyo njia ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea ndani ya ukumbi ule. Aliishika kwa mikono miwili. Alitazama mstari wake ukutani, akatazama vialama vya kijani, akafungua mdomo kama mtu mwenye jibu la kitaalamu, maana anayajua mengi, namba za miaka ishirini na tisa zimo kichwani mwake. Kisha akamtazama binti.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Amaranta aliitikia kwa kichwa taratibu, akaketi. Eufrosina alikwenda kukaa kando yake, na wasichana wa jikoni wakajibana kumpa nafasi. Mwenyekiti alivaa miwani, akaendelea na orodha. Namba thelathini na mbili. Namba thelathini na tatu. Yalikuwa yamebaki majina ishirini, ya pande zote mbili. Aliyasoma yote, moja moja, na kila aliyeitwa alitikisa kichwa, akabaki amekaa.